Fundi kaziba matundu ya maji, kakata taruma, halafu anajisifu kaniongezea nafasi

Jamani, salamu baadaye, leo nina donge.

Nina kimashua changu hapa Wesha, Pemba, cha tanga na mashine ndogo ya akiba, napelekea wageni kisiwa cha Misali. Chombo kidogo, vitu kibao: miwani ya kuzamia, mapezi, majaketi ya kuokolea, sanduku la barafu, masufuria, nanga na kamba yake. Mgeni akinyoosha mguu anagonga kitu. Nikamtafuta mtu anayejiita fundi, nikamwambia nataka makasha chini ya viti vya pembeni na moja kule omo, yaani mbele ya chombo, yote yawe na vifuniko. Bei kataja mwenyewe, wala sikumpunguza hata mia.

Sasa sikilizeni alichonifanyia.

Kila chombo cha mbao kina vitundu chini ya mataruma, zile mbavu zake, kando ya mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, ili maji yanayoingia omo yateremke mpaka banduru, pale yanapokusanyikia, uyakumbe. Huyu bwana kayaziba matundu yote kwa gundi na unga wa mbao. Namuuliza kwa nini, ananijibu, "Ili vitu vyako visirowe, yakhe." Visirowe! Maji hayakuacha kuingia, yameacha kutoka tu. Imenyesha mvua moja ya masika, maji yote yamejikalia omo chini ya kasha lake, mie nachungulia banduru naiona kavu, nashukuru Mungu. Kutweka tanga, chombo kimeinamisha pua, usukani hausikii, kila wimbi linaingia ndani bila hodi. Nafunua kasha la omo, kamba ya nanga inaelea. Inaelea, ndugu zangu, ndani ya kasha la kuhifadhia vitu vikavu!

Na hayo ni maji ya mvua, ndiyo mabaya zaidi. Maji ya chumvi mbao inayavumilia, lakini maji matamu yakituama mahali pasipo hewa yanaiozesha. Makasha yote hayana hata tundu moja la kupumulia. Ukifunua unapigwa na uvundo mpaka unageuza uso.

Hilo la mataruma ndilo lililonitoa machozi. Kasha la kushoto lilikataa kuingia kwa sababu ya mataruma mawili. Badala ya kupunguza kasha, kapunguza chombo! Kapitisha msumeno, kaacha vigutu, kisha kafunika kwa plaiwudi ili nisione. Nimejua baada ya pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nafasi za mbao, kuanza kutoka kwenye maungio ya upande uleule. Taruma ndilo linaloshika mbao. Ukilikata, mbao zinacheza kila upepo ukijaa tangani, na hapo hata utie pamba ya shamba zima haikai.

Plaiwudi yenyewe ni ile ya dari za nyumba. Kingo hakuzipaka hata rangi, zimenywa maji zikavimba, sasa kifuniko kimoja hakifunguki bila bisibisi. Na nadhani mshajua ni kipi. Ndicho cha kasha la majaketi ya kuokolea. Yaani chombo kipinduke, mie nianze kutafuta bisibisi. Sisi watu wa Pemba, baada ya meli ya Spice Islander kuzama mwaka 2011, bado kuna mtu wa kuelezwa jaketi likae wapi? Likae wazi, mkono ulifikie!

Najua watakuja watu hapa kusema cha rahisi ghali. Hakikuwa rahisi, nimeshasema. Kinachoniudhi ni kuwa nafasi ingepatikana bila kugusa ubavu wa chombo. Vitu vyepesi vinatundikwa kwenye wavu mkuukuu chini ya viti, hauna uzito na unapitisha hewa. Vizito vinakaa chini, katikati, karibu na mlingoti, huku omo unaacha nanga basi. Makasha yanashikizwa kwenye mihimili ya viti, yanainuliwa kidogo ili maji yapite chini yake, na yanatoka ukitaka kusafisha. Hayo nilimwonyesha kwa kidole, mahali kwa mahali, naye anaitikia "sawa, sawa" kama tunaelewana.

Sasa simu hapokei. Picha za vigutu nimeshampelekea sheha, na hela yangu nitaidai.

Ninachotaka hapa ni fundi wa kweli, awe wa Wete, Mkoani au hata Nungwi, anayejua kuunga taruma jipya ubavuni mwa lililokatwa. Nataka la tawi lililopinda lenyewe, sitaki ubao uliochongwa ukapewa umbo. Nauli ya boti, chakula na pa kulala juu yangu. Na yule atakayeniandikia "msamehe, binadamu hukosea", aje kwanza apande nami kwenda Misali kusi likivuma, akae upande wa kushoto.