Msaada: napigwa penalti ya mwendo chini ya futi 10,000 wakati altimita (kipima urefu) inaonyesha nimeshavuka

TairiLaMbele
Wakuu, naombeni ushauri. Narusha Boeing 737-800 kwenye simuleta (programu ya kuigiza urubani), chini ya shirika moja la ndege la mtandaoni. Wana programu inayorekodi safari nzima. Ukizidisha mwendo wa noti 250 (maili za baharini kwa saa) chini ya futi 10,000 inakata pointi. Sheria naijua na siibishii. Shida ni kwamba napanda nimeshikilia 250, navuka futi 10,000, ndipo naiachia ndege ichanganye. Nikitua nakuta penalti. Na si kila siku! Njia ileile, ndege ileile, mara inapita safi, mara inanikata. Nimewaandikia wasimamizi, jibu lao ni "soma kanuni". Nifanyeje kabla sijashushwa cheo?

UpepoMkia
Pole mkuu. Huenda inasoma kasi ya ardhini. Kwenye futi 10,000, noti 250 za kwenye kipimo ni kama 290 halisi hewani. Ongeza upepo wa nyuma wa noti 40, ardhini unasoma 330.

BiRada
@UpepoMkia ingekuwa hivyo angekatwa karibu kila safari, maana hata bila upepo 290 imeshazidi. TairiLaMbele, weka hapa mstari wa rekodi pale penalti ilipoingia. Na altimita uliiseti kwa presha ya hewa ngapi?

TairiLaMbele
Huu hapa: "futi 9,610, noti 263, mwendo umezidi". Altimita niliiseti 1030 kama taarifa ya hali ya hewa ya uwanja ilivyosema. Kwenye skrini yangu nilikuwa karibu 10,100.

BiRada
Basi mchawi kajulikana. Programu haiangalii altimita yako, inapima urefu kwa presha ya kawaida ya 1013. Kati ya 1030 na 1013 kuna hektopaskali 17, na kila moja ni kama futi 28. Piga hesabu, unapata karibu 480, ndizo hizo zilizokupotea. Presha ikikaribia 1013 hukatwi. Ikiwa chini ya hapo inakupendelea, inaona umeshavuka kabla hujavuka.

Mpaka watakaporekebisha, siku ya presha kubwa usiachie mwendo kabla ya 10,600. Kushuka ndiko kwenye kazi: 250 iwe imetulia kabla ya 10,500, na usimwachie otopailoti, maana yeye anafuata altimita yako na atapunguza kwa ajili ya 10,000. 737 ikiwa inateremka haitaki kupunguza mwendo. Inyooshe kwanza kwenye 11,000, hesabu maili moja kwa kila noti 10, au vuta breki za hewa.

Mzito747
Na sisi wa 747 tuseme nini? Nikiondoka na matangi yamejaa, mwendo wa chini ulio salama bila flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ndege ikienda polepole) unapita 250. Sheria ya Marekani, kifungu 91.117, inaruhusu kuruka kwa mwendo huo. Programu haijui uzito, inakata tu. Nilituma picha ya uzito na ya kipimo cha mwendo, pointi zikarudi.

ZimaInjini
Mnajitesa bure. Rusheni VATSIM, mtandao wa watu wa simuleta wenye waongozaji wa anga, bila shirika, hakuna mashine ya kuhesabu makosa. Muongozaji akisema hakuna kikomo cha mwendo, unachapa mwendo.

BiRada
Inategemea uko anga ya nani. Ulaya sehemu nyingi muongozaji anaweza kukuondolea. Marekani hana mamlaka ya kuondoa 250 chini ya futi 10,000, hata akitaka. Wana sababu: Desemba 1960 ndege mbili za abiria ziligongana juu ya New York, watu 134 wakafa, na moja ilikuwa inaingia kwa kasi mno. Vikomo vya mwendo vilianza kukazwa baada ya hapo.

TairiLaMbele
Nimekuelewa dada. Sasa rufaa niiandikeje wasinirudishie "soma kanuni"?

BiRada
Usianze na malalamiko. Waulize swali moja: programu inapima urefu kwa presha ipi? Ambatanisha taarifa ya hali ya hewa ya saa ile, mstari wa rekodi, na picha ya altimita kama unayo. Taja na safari iliyopita safi siku ya presha ndogo, hiyo ndiyo itakayowabana.

TairiLaMbele
Naandika sasa hivi. Halafu leo presha ni 1008, ngoja niruke kabla haijapanda.