Flati Uingereza: lisi imebaki miaka 80 na miezi 5, nirefushe sasa au nisubiri sheria mpya?

MamaSalha_Barking
Assalaam aleykum ndugu zangu. Mimi na mume wangu tuna flati ya vyumba viwili hapa Barking, lisi (yaani haki ya kuimiliki flati kwa miaka maalumu, kisha inarudi kwa mwenye ardhi) ya miaka 99 iliyoanza 2007. Kodi ya ardhi ni pauni 250 kwa mwaka, na mkataba unasema inaongezeka maradufu kila miaka 25. Sasa kampuni inayomiliki ardhi imetuletea barua: wataongeza lisi ifike miaka 125 kwa pauni 9,000, ila kodi ya ardhi ibaki ilivyo mpaka ule muda wa zamani uishe. Wanataka jibu ndani ya siku 28. Nyumba hii ndiyo akiba yetu yote, na usingizi umenipotea. Naomba mwenye kujua anisaidie.

Kaka_Thamesmead
Dada, usitoe hata senti. Sheria mpya ya 2024 inatoa miaka 990, na bei itashuka. Subiri tu.

BiMwanaidi_Leicester
Waaleykum salaam mwanangu. Kaka wa Thamesmead ametaja sheria ya kweli, lakini vipengele vya miaka 990 na vya bei bado havijaanza kutumika. Kilichoanza ni kufutwa kwa sharti la kumiliki flati miaka miwili kabla ya kudai kurefushiwa lisi, tangu 31 Januari 2025. Wewe una miezi mitano kabla lisi haijafika miaka 80, na serikali haikuahidi kuvianzisha vipengele hivyo vingine ndani ya miezi mitano.

Kwa nini naisisitiza hiyo miezi? Kwa sheria inayotumika leo, ile ya 1993, lisi ikiwa zaidi ya miaka 80 unamlipa mwenye ardhi fidia ya kodi anayoikosa na ya kucheleweshewa kurudishiwa flati yake. Ikifika 80 au chini, juu ya fidia hiyo flati inahesabiwa imepanda thamani kiasi gani kwa kurefushiwa lisi, na nusu ya ongezeko hilo ni yake. Mimi nilinunua yangu ikiwa imebaki 74, kwa hiyo nusu hiyo naijua inavyouma.

Habari njema ni kwamba bei inahesabiwa kwa tarehe ya kupeleka notisi, yaani barua rasmi ya kisheria ya kumdai mwenye ardhi akurefushie lisi. Ukishaipeleka, hata mkivutana mwaka mzima, kwenye hesabu lisi yako inabaki juu ya 80.

Barua yao sasa. Kwa njia ya sheria unaongezewa miaka 90 juu ya iliyobaki, yaani zaidi ya 170, na kodi ya ardhi inakuwa sifuri papo hapo. Wao wanakupa 125 na kodi inaendelea: 2032 itakuwa 500, 2057 itakuwa 1,000, 2082 itakuwa 2,000. Hiyo 9,000 usiiangalie peke yake! Mtafute mthamini akupigie hesabu zote mbili. Naye atahesabu hiyo kodi inayopanda, kwa hiyo usishangae bei ya kisheria ikizidi ulivyotarajia. Siku 28 ni zao, si za sheria.

Fundi_Umeme_Luton
Naongezea: gharama za wakili na mthamini wa upande wao utazibeba wewe pia, zikiwa za kiasi. Wanaweza pia kudai amana ya asilimia 10 ya bei uliyoitaja, au pauni 250, ipi iliyo kubwa. Notisi lazima iwape angalau miezi miwili kujibu. Wakijibu na mkashindwa kukubaliana bei, una miezi sita tangu jibu lao kwenda kwenye baraza la kisheria linaloamua migogoro hii. Usiiache ipite. Notisi ikifa, unangoja miezi 12 kupeleka nyingine, na hapo 80 imeshapita.

MamaSalha_Barking
Mungu awalipe. Swali moja: lisi ina majina yetu wote wawili, na mume wangu yuko Tanga akimuuguza mama yake. Naweza kusaini peke yangu?

BiMwanaidi_Leicester
Notisi lazima itoke kwenu wote wawili. Lakini hapa England, tangu 2014, wakili anaweza kuisaini kwa niaba yenu. Mumeo ampe wakili maelekezo ya maandishi kutoka huko huko Tanga. Mpigie simu leo, na umfikishie mama mkwe pole zetu.