Ni neno gani uliacha kujiambia, na nini kilibadilika? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Naanza mimi ili wengine wasione aibu.

Kwa miaka mingi nilikuwa na sentensi moja: "Mimi hesabu siziwezi." Niliitoa hata kabla mtu hajamaliza kuuliza. Majuzi binti yangu wa miaka tisa alikuwa anafanya kazi aliyopewa shuleni, akalisukuma daftari na kusema, "Mimi hesabu siziwezi." Maneno yale yale, na bega la kushoto likapanda juu kama langu. Niliumia sana.

Nikamwambia, "Sema sijaziweza." Akaniuliza, kwani tofauti yake nini? Hapo ndipo nilipolitazama jambo ninalolitamka tangu utotoni. Ukisema "siwezi" umemaliza mazungumzo. Ukisema "sijaweza", umekiri kwamba hujafika, lakini safari ipo. Carol Dweck, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, amelitetea sana wazo hili la "bado" kwa wanafunzi. Waingereza inabidi waongeze neno zima mwishoni mwa sentensi. Sisi tumewekewa silabi moja katikati ya kitenzi, na hatuitumii!

Tulikaa na zile namba za sehemu saa nzima, tukapata maswali manne kati ya kumi. Yale sita akayaandikia pembeni kwa penseli: *hatujaweza*.

Karibuni. Na kama ulibadilisha maneno na hakuna kilichotokea, tuambie pia.

Daftari la Kazi

Mimi kilichonisaidia ni kujirudisha ndani ya sentensi. Nisikilizeni nilivyokuwa naongea: "Ripoti imechelewa." "Ujumbe haukutumwa." "Faili limepotea." Mtu hayumo! Kila kitu kinajitendea chenyewe, mimi nimesimama pembeni kama mpita njia.

Siku moja nilimwambia mke wangu, "Ile siku yako imesahaulika." Alikuwa anakunja nguo. Akaacha shati mkononi, akauliza, "Imesahaulika na nani?"

Nilitafuta jibu lingine nikalikosa. "Nimesahau mimi. Nisamehe." Aliendelea kukunja, hakuniambia kitu, ila kabla ya kulala tulizungumza vizuri kuliko tulivyozungumza kwa miezi.

Tangu hapo nimeiacha pia ile "samahani kama nimekukosea". Hiyo "kama" inamtwisha aliyeumia kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. Sasa nasema nimekukosea, na nataja nilichofanya. Kazini mwanzoni niliogopa kwamba nitaonekana dhaifu. Kilichotokea ni kwamba vikao vimekuwa vifupi, kwa sababu hatupotezi tena muda kumtafuta aliyekosea.

Moto Mdogo

Nimetoka kwenye "mimi ni mtu wa hasira" nikaja kwenye "nimekasirika". Basi. La kwanza nilikuwa nalitetea kama kabila langu. La pili linapoa kabla sijafika mlangoni.

Asiyekata Tamaa

Naomba nitofautiane kidogo, kwa upendo. Nilipopoteza kazi, rafiki alinishauri nisimame mbele ya kioo kila asubuhi niseme, "Mimi ni mshindi." Nilifanya hivyo wiki tatu. Kila nilipolitamka, kuna sauti ndani ilinijibu, "Mshindi wa nini?" Nikawa natoka pale na uzito zaidi ya niliokuja nao.

Baadaye nikajua siko peke yangu. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti ambao watu wasiojithamini walirudia kujiambia kwamba wanapendeka. Walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wasiojithamini ambao hawakusema hivyo.

Kilichonifaa ni sentensi ndogo ya kweli. "Leo nimetuma maombi mawili." "Leo nimeamka mapema." Ile sauti ya ndani haikuwa na la kujibu, maana maombi yametumwa kweli. Sipingi maneno mazuri, lakini moyo uliovunjika unautambua uongo haraka.

Sauti ya Pili

Kwangu ni kujiita jina. Kabla ya usaili nilijifungia chooni, nikajiita kwa lile jina alilonipa bibi nikiwa mdogo: "Fulani, hili umelifanya miaka sita. Ingia, jibu unachokijua." Badala ya "nitashindwa" nikawa naongea kama ninavyomtia moyo mdogo wangu. Mikono iliendelea kutetemeka, ila kichwa kilitulia. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walionyesha jambo hili katika utafiti wa mwaka 2014: waliojisemesha kwa jina au kwa "wewe" kabla ya kuhutubia walihimili wasiwasi vizuri kuliko waliojisemesha kwa "mimi". Jaribuni, haligharimu kitu.

Mlezi

Mimi shida yangu ilikuwa kinyume cha mwanzisha mada. Nilimuuguza mama miaka miwili, na kila aliyeniuliza nilimjibu, "Nitajitahidi." Sikuwahi kusema siwezi. Niliona kusema hivyo ni kumkosea mama.

Usiku mmoja nikiwa nambadilisha shuka mgongo ukakataa. Nilikaa sakafuni, nikampigia kaka. "Siwezi peke yangu." Kimya. Kisha akasema, "Mbona hukusema siku zote hizi?" Jumamosi alifika na begi lake, akakaa mwezi mzima.

Mwanzisha mada

Mlezi, umenirekebisha, na nakushukuru kutoka moyoni. Nilikuwa nimeanza kumkataza binti yangu neno "siwezi" kabisa, hata usiku macho yakiwa yanafumba.

Leo amelitamka tena. Nikamuuliza, "Hujaweza, au umechoka?"

Akasema amechoka. Tukafunga daftari.