Ripoti ya kulinganisha vyeti inatosha kuajiriwa kama muuguzi Ujerumani?

MuuguziWodini
Habari zenu, ndugu. Nina stashahada ya uuguzi, nimesajiliwa na baraza la wauguzi la nchi yangu, na nimefanya kazi katika wodi ya upasuaji kwa miaka kadhaa. Ninakusudia kuhamia Ujerumani. Wakala mmoja ananihimiza nilipie kwanza ulinganishaji wa vyeti, akidai kwamba ripoti hiyo pekee ndiyo itakayonipatia ajira. Je, inatosha, au ipo hatua nyingine ambayo hajanieleza?

MtuWaMafaili
Haitoshi. Ripoti ya namna hiyo hueleza tu elimu yako inakaribiana na kiwango gani katika nchi uendayo. Kwa kazi ambazo sheria haizidhibiti, mathalani uandishi wa programu za kompyuta, mwajiri ndiye mwamuzi, na ripoti humsaidia kuelewa cheti asichokifahamu. Uuguzi, udaktari na ufamasia ni habari nyingine: huwezi kuifanya kazi hiyo mpaka mamlaka inayoisimamia ikupe kibali.

Ujerumani ina sheria ya kutambua sifa za kitaaluma iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2012, nayo inampa mtu haki ya kuomba elimu yake ilinganishwe na ya kule bila kujali uraia wake. Maombi ya muuguzi hushughulikiwa na mamlaka ya jimbo, kwa hiyo amua mapema utafanya kazi jimbo gani. Ukikidhi vigezo vyote utatambuliwa kikamilifu. La sivyo utapewa barua inayotaja mapungufu moja baada ya jingine, ambayo wengi huisoma kwa hofu kana kwamba wamekataliwa, ilhali ndiyo inayokufungulia njia ya kuyafidia kwa kozi au kwa mtihani, na ipo hata viza ya kuingia nchini kwa ajili hiyo. Lugha nayo haikwepeki: kwa wauguzi hutakiwa Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita za kupima lugha.

Mhandisi_Mhamiaji
Naongeza kwa wenye taaluma nyingine. Wahandisi wana Mapatano ya Washington ya mwaka 1989, ambayo kwayo nchi wanachama hutambuana shahada za uhandisi zilizoidhinishwa. Angalieni neno hilo la mwisho: haitoshi nchi yako kuwa mwanachama ikiwa programu uliyosoma haikuwa imeidhinishwa ulipohitimu. Hata hapo, usajili wa kufanya kazi huombwa peke yake.

MkungaMkongwe
Mwenzangu, kinachowakwamisha wengi ni karatasi. Orodha ya alama haitoshi. Omba chuoni maelezo ya kila somo pamoja na saa za nadharia na za mafunzo ya vitendo, na yawe ya mtaala uliosoma wewe, si unaotumika leo. Barua za waajiri nazo zitaje wodi, majukumu na muda uliofanya kazi, kwa sababu uzoefu unaweza kufidia sehemu ya mapungufu. Barua ya kukusifu uchapakazi haina msaada. Barua ya baraza inayothibitisha kwamba usajili wako hauna dosari huwa na muda mfupi wa kutumika, hivyo iombe mwishoni. Ikiwa jina lilibadilika baada ya ndoa, ambatanisha cheti cha ndoa. Tafsiri zifanywe na mfasiri aliyeapishwa, lakini uliza kwanza mamlaka inamkubali mfasiri gani, maana kulipia tafsiri mara mbili kunauma.

MuuguziWodini
Nawashukuru sana. Nikipewa barua ya mapungufu, nichague kozi au mtihani?

MtuWaMafaili
Inategemea barua yenyewe. Mapungufu yakiwa machache, mimi ningechagua kozi, kwa kuwa hulenga yale yaliyotajwa tu na huishia kwa mazungumzo ya tathmini. Mtihani una sehemu ya mdomo na ya vitendo, na ukianguka unaruhusiwa kurudia mara moja. Unamfaa zaidi aliyeandikiwa orodha ndefu lakini bado ana masomo kichwani na Kijerumani chake ni imara. Kabla ya kutia saini mkataba wowote, soma kifungu kinachoeleza nani analipia kozi na utadaiwa kiasi gani ukiacha kazi mapema. Kisipokuwepo, omba kiandikwe.