Pasli siku ya 14 haijaota, nimwage udongo?

MamaNdoo (Tanga):
Wanajamvi, habari zenu. Dada yangu anaishi Muscat. Alipokuja sikukuu alitutengenezea tabule, ile saladi ya majani ya pasli na ngano iliyovunjwa, watoto wakalamba sahani. Pasli yenyewe aliibeba kwenye begi, imeviringishwa gazeti bichi! Nami nikanunua pakiti ya mbegu, nikapanda kwenye ndoo niliyoitoboa chini. Leo siku ya 14, kimya. Giligilani ya siku ile ile, beseni la pembeni, imeshajaa majani. Mbegu mbovu au mkono wangu ndio mzito? Na muuza mboga wangu anasema giligilani na pasli ni kitu kimoja. Kweli?

Mlimani (Lushoto):
Usimwage, dada! Pasli ni mvivu kuota, wiki tatu mpaka nne. Mimi ya kwanza niliifukua siku ya 16, nikakuta mbegu ndiyo kwanza zinapasuka. Niliumia roho. Siku hizi naziloweka usiku kucha, nazifukia nusu sentimita tu, juu natandaza gunia bichi. Ukiona kijani, gunia litoke siku hiyo hiyo. Kwa jua la Tanga, ikifika saa sita ndoo iwe kivulini. Na usije ukaihamisha ikishakua. Mzizi wake unazama kama wa karoti, ni ndugu hao.

Huyo muuza mboga mwambie afikiche jani anuse. Giligilani inanukia kachumbari, pasli haina ukali ule. Tena giligilani ikipata joto inakimbilia maua, pasli kwa kawaida inangoja mwaka wa pili.

Jikoni Kwangu:
Angalia pakiti: jani bapa au la kujikunja? Kwa tabule chukua bapa. Ioshe, ikauke kabisa, ndipo ukate kwa kisu kikali. Ikiwa na maji inakuwa uji. Wengi wanajaza ngano, wakati tabule ya Lebanon ni pasli kwanza, ngano kidogo. Vikonyo usitupe, tia kwenye supu.

MamaNdoo (Tanga):
Siku ya 23: miche mitano! Nilifurahi mpaka jana jioni, kuku wa jirani akapanda kwenye ndoo. Imebaki miwili. Nimeifunika kwa tenga. Nikianza kuvuna nakata wapi?

Mlimani (Lushoto):
Vikonyo vya nje, chini kabisa. Vya katikati viache. Na huyo kuku mfunge, dada.