Minyoo imerudi kwa kuku wangu wiki saba baada ya dawa: nimekosea wapi?

Mfugaji wa Uani

Habari zenu wafugaji wenzangu. Ninafuga kuku 22 wa mayai nyuma ya nyumba. Usiku hulala bandani, na mchana hutembea katika eneo lililozungushiwa uzio, eneo lile lile kwa mwaka wa tatu sasa. Wiki saba zilizopita niliona kwenye kinyesi minyoo mirefu myeupe, nikanunua dawa ya unga yenye piperazini, nikakadiria kwa kijiko na kuichanganya kwenye maji ya kunywa, kisha nikayaacha mbele yao kutwa nzima. Kesho yake ilitoka minyoo mingi, mingine ikiwa bado inajinyonganyonga, nami nikaamini kwamba kazi imekwisha.

Sasa kuku watatu wamekonda kiasi kwamba ukiwashika unausikia mfupa wa kidari kama makali ya kisu, ingawa wanakula vizuri. Vilemba vyao vimepauka, na mayai yamepungua kutoka 17 kwa siku hadi 10 au 11. Juzi nimeona tena mnyoo mrefu, na kwenye kinyesi cha kuku wawili kulikuwa na vipande vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele, ambavyo vilikuwa vikisogea.

Je, dawa ilikuwa mbovu? Mayai haya yanalika? Kuna aliyenishauri niache dawa za dukani na kuwapa vitunguu saumu na mbegu za maboga, je, vinatosha? Mwezi ujao nilikusudia pia kuleta vifaranga vya bata mzinga na kuwaweka katika eneo hilo hilo, kwa hiyo nataka kulimaliza jambo hili kabla hawajafika.

Miaka Kumi Bandani

Ndugu mfugaji, pole kwa hali hiyo. Kwa maelezo yako sidhani kwamba dawa ilikuwa mbovu. Naona ulitumia dawa ya mnyoo mmoja kwa kuku wenye minyoo ya aina mbili, tena ukaitoa mara moja tu.

Minyoo mirefu myeupe unayoiona ni ile minyoo mikubwa ya mviringo, ambayo huishi katika utumbo mwembamba na huweza kufikia urefu wa sentimita 10 au zaidi kidogo. Piperazini haiiui, bali huipoozesha ikashindwa kujishikilia, na utumbo huisukuma nje. Ndiyo maana uliiona ikitoka hai. Lakini dawa hiyo huwapata wakubwa pekee. Lava, yaani minyoo michanga, waliokuwa wamejichimbia katika ukuta wa utumbo siku ile hawakuguswa. Tangu kuku ameze yai la mnyoo hadi mnyoo huo ukomae na kuanza kutaga hupita wiki tano hadi nane, na wewe umeiona tena katika wiki ya saba. Waliobaki wamekua, na wengine wapya wameokotwa ardhini. Ilibidi urudie dawa baada ya wiki mbili hadi nne, kabla hao wadogo hawajaanza kutaga.

Vile vipande vya mchele ni habari nyingine kabisa: hivyo ni vipingili vya tegu. Piperazini haimfanyi tegu lolote, hata ukiirudia mara tano. Tegu hapiti moja kwa moja kutoka kinyesi hadi kuku, bali hupitia kwanza kwa mdudu kama vile siafu, mbawakavu au nzi, au kwa konokono, na kuku huambukizwa anapomla mdudu huyo. Kwa hiyo angalia sana chini ya vyombo vya chakula na chini ya mbao zilizolala ardhini, kwa maana mbawakavu hupenda kukaa hapo.

Kuhusu vitunguu saumu na mbegu za maboga, mimi mwenyewe nilivitegemea kwa miaka miwili kwa imani kubwa. Havikuwadhuru kuku, lakini nilipompasua kuku aliyekufa, utumbo wake ulikuwa umejaa minyoo hadi kuziba. Wape kama chakula ukipenda, ila usiviite tiba kwa kuku ambao tayari wamekonda.

Tabibu wa Mifugo

Nakubaliana na aliyetangulia, na ningependa kuongeza mambo ambayo huamua kama dawa itafanya kazi au la.

Kwanza, thibitisha tatizo. Kukonda, kupauka na kupungua kwa mayai huletwa pia na viroboto, chawa na utitiri, na kwa kuku wadogo huletwa mara nyingi na koksidia, vijidudu vya utumboni ambao si minyoo na hawatibiwi kwa dawa ya minyoo. Okota kinyesi kibichi kutoka sehemu kama kumi tofauti za banda, kihifadhi mahali pa baridi, kisha kipeleke maabara ya mifugo siku hiyo hiyo ili mayai ya minyoo yahesabiwe. Fahamu, hata hivyo, kwamba kipimo hicho humkosa tegu mara nyingi, kwa sababu mayai yake hutoka yakiwa yamefungwa ndani ya vipingili. Jicho lako ndicho kipimo bora kwake.

Pili, pima uzito. Kijiko cha kukadiria ndicho chanzo cha matibabu mengi yaliyoshindwa, kwani dozi pungufu huua minyoo dhaifu na kuiacha ile sugu izaane. Dawa ambayo ningeichagua kwa minyoo ya mviringo ni fenbendazoli iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa, kwa kiwango cha miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa kuku kwa siku, kwa siku tano mfululizo. Hiyo huwapata pia lava, na huipata minyoo midogo ya vile vifuko viwili vilivyo pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, ambayo piperazini huiacha kwa sehemu kubwa. Kuku anayetaga hunywa takribani robo lita kwa siku na zaidi wakati wa joto. Kwa hiyo changanya dawa ya siku nzima katika maji machache watakayoyamaliza kwa saa chache, ondoa vyanzo vingine vyote vya maji, na baada ya hapo wape maji safi. Waliokonda sana wape mmoja mmoja mdomoni, kwa kuwa kuku mgonjwa hunywa kidogo na husukumwa na wenzake.

Kwa tegu, dawa yenye nguvu ni prazikwanteli. Katika nchi nyingi haikusajiliwa kwa kuku wa mayai, kwa hiyo daktari wa mifugo wa eneo lako ndiye wa kuiandika, kupanga dozi, na kukueleza mayai yatupwe kwa siku ngapi.

Kuhusu mayai, minyoo hii ya kuku haimwambukizi binadamu, kwa hiyo hatari iko kwenye mabaki ya dawa. Soma kipindi cha kusubiri kilichoandikwa kwenye lebo ya dawa uliyonunua, na ukihesabu kuanzia siku ya mwisho ya kutoa dawa, si ya kwanza. Ikiwa lebo inasema kwamba dawa haifai kwa kuku wanaotagia watu mayai, basi usiitumie kwa kuku hao.

Nakusihi usilete vifaranga vya bata mzinga katika eneo hilo. Minyoo midogo ya vile vifuko viwili humdhuru kuku kwa kiasi kidogo tu, lakini ndani ya mayai yake hubebwa kijidudu kinachoharibu ini la bata mzinga na kuua wengi wao kwa muda mfupi. Mayai hayo hukaa udongoni kwa miaka, na nyungunyungu huyahifadhi pia mwilini. Kuwatibu kuku hakuisafishi ardhi. Ukitaka bata mzinga, watafutie ardhi ambayo kuku hawajaikanyaga.

Mtunza Vifaranga

Naongeza mawili. Usinunue fenbendazoli ya mbuzi ukaimimina kwenye maji ya kuku. Nilifanya hivyo, nami nikaona mwishoni mwa siku kwamba dawa yote ilikuwa imetuama chini ya chombo kama chokaa. Waliokunywa asubuhi walipata maji matupu.

La pili ni hilo eneo la miaka mitatu. Kwenye joto na unyevu, yai la mnyoo huwa tayari kuambukiza baada ya wiki mbili hivi, na gamba lake ni gumu kiasi kwamba dawa za kawaida za kuua vijidudu haziliwezi. Jua na ukavu ndivyo huliua. Gawa eneo hilo kwa uzio wa kati, upande mmoja upumzike huku majani yake yakifyekwa mafupi ili jua lipenye hadi udongoni. Ondoa matandazo yote ya bandani mara dozi inapokwisha, uyapeleke mbali na kuku, na uzibe pale chombo cha maji kinapovuja, maana udongo mbichi unaozunguka chombo ndipo kuku huokota zaidi.

Mfugaji wa Uani

Nawashukuru sana. Nimewapima kuku wote leo, na jumla ni kilo 42. Maabara imekuta mayai mengi ya minyoo mikubwa ya mviringo na machache ya minyoo midogo, na daktari amevithibitisha vipingili vya tegu kwa macho. Mpango wa bata mzinga nimeuahirisha. Nimebaki na swali moja: kuku wanne wananyonyoka manyoya, je, niwape fenbendazoli pamoja na wenzao?

Tabibu wa Mifugo

Kwa kilo 42 utahitaji miligramu 42 kwa siku. Soma kwenye lebo ni miligramu ngapi zilizomo katika kila mililita, kisha upime kwa bomba la sindano. Fenbendazoli iliyozidi dozi imeonekana kuharibu manyoya yanayoota kwa ndege wa aina mbalimbali, kwa hiyo kwa hao wanne usizidishe hata kidogo, wala usiwape mdomoni tena ikiwa wamekwisha kunywa kwenye chombo cha wote. Kama si dhaifu, mwulize daktari wako kama inafaa kuwatenga na kusubiri hadi manyoya yakomae, mradi wasirudi kwa wenzao kabla hawajatibiwa.

Siku 14 baada ya dozi ya mwisho, peleka tena kinyesi maabara ile ile. Idadi ya mayai ya minyoo ikiwa bado iko karibu na ya leo, andika hapa takwimu zote mbili pamoja na jina la dawa uliyotumia, na tutatazama kama tatizo ni dozi au ni usugu.