Naja Mtwara na mama mkwe, natafuta hoteli yenye sura ya Kimakonde

BintiUnyanyembe:
Wadau wa Kusini, salaam. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, nimeolewa Umakondeni. Mwezi ujao mume wangu ananipeleka Mtwara kwa mara ya kwanza, na mama mkwe atateremka kutoka Newala akae nasi siku tatu. Hoteli ya ufukweni iliyojitenga siitaki. Nataka ndogo, iliyopambwa Kimakonde, mtaani kwenye watu, nikitoka mlangoni nikutane na muuza ming'oko, vile viazi vya porini. Mama ana miaka sabini na kitu, natamani ajisikie yuko kwao. Kuna moja nimeona picha zake, chumba cha kulia kimejaa vinyago, na barakoa ukutani. Imenivutia sana. Mnasemaje?

MwanaChikongola:
Karibu nyumbani, shemeji. Kabla hujalipa, zitazame tena hizo barakoa.

Mwaka juzi nilimpeleka bibi yangu kula mchana kwenye hoteli moja ya hapa mjini. Tulipoingia tu akainamisha macho, akavuta kanga ikamfunika upande mmoja wa uso, akageuza kiti kikatazama dirishani. Juu ya meza ya chai walikuwa wametundika lipiko, barakoa ya ngoma, lina nywele za mtu na ndonya, kile kipande cha pambo, kwenye mdomo wa juu. Kwa bibi lile si pambo. Mapiko yalichongwa porini kwa siri, yakafichwa, wanawake na watoto wasiyaone ila siku ya ngoma. Leo anawekewa juu ya birika! Alikula nusu sahani, akaomba turudi. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu zake zote, akaniuliza kama samaki alikuwa na kasoro. Nilikosa la kumjibu, na mpaka leo linaniuma kwamba sikupita kuangalia kwanza.

Vinyago vya mpingo ni habari nyingine. Ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, au shetani, kile cha viumbe wa ajabu, huchongwa viuzwe na viwekwe sebuleni, na bibi huyohuyo akikiona anakipapasa kuanzia chini mpaka juu akihesabu vichwa. Ukitaka kujua hoteli imenunua kwa fundi au imeokota tu, kinyanyue kimoja. Mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama. Lipiko ndilo huwa la mti mwepesi, maana mchezaji hulivaa kichwani. Kinyago cheusi kikiwa chepesi, kisugue na kitambaa chenye maji. Kitambaa kikitoka cheusi, hiyo ni rangi ya viatu.

Hamza_Bandarini:
Dada, Mikindani umeifikiria? Ni kama kilomita kumi tu, na lile Boma la Wajerumani la mwaka 1895 sasa ni hoteli. Pazuri mno, ila pamekaa kilimani na jioni pametulia, muuza ming'oko utamfuata wewe. Halafu mama anatoka Newala, juu kwenye ubaridi. Joto la huku litamsumbua. Mchukulie chumba cha chini asipande ngazi, na uhakikishe feni inafanya kazi.

BintiUnyanyembe:
Asanteni, jamani. Jana usiku nilimsomea mume wangu habari ya bibi. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema zile picha alikuwa ameziona, ila hayo si mambo ambayo angeanza yeye kuniambia mimi. Asubuhi nikapiga simu hotelini. Mama aliyepokea akaniambia barakoa ziko tatu, kisha akashusha sauti: hata yeye hupita pale akiangalia chini. Amesema tutatandikiwa meza uani, chini ya mwembe, milo yote. Kaka, hiyo inatosha, au nitafute kwingine?

MwanaChikongola:
Inatosha, shemeji, ilimradi njia ya kwenda uani isipite chumba cha kulia. Muulize hilo tu. Na ming'oko mtume mtu asubuhi, ikifika jioni imekwisha.